Dakika Nne za Mama

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za kaka yako aliye mbali. Magoti yamepungua maumivu? Na shemeji, bado anaranda mbao, au vumbi limemshinda? Mimi mzima wa mwili, ila situlii. Barua hii nimeianza mara nne, na kila mara nimeinuka kwenda dirishani kutazama mtaa ambao, baada ya miaka thelathini na minane, bado naona kama nimeuazima.

Binti yangu amenifanya karani uzeeni. Studio yake ya sauti imeelemewa na matangazo na vitabu vya kusikiliza, kwa hiyo ameweka sheria: kila faili liandikwe tarehe, msemaji na limerekodiwa mara ya ngapi, rekodi ghafi isiguswe, ukataji ufanyike kwenye nakala. Nikamwambia nilihariri vipindi vya redio kabla hajaota meno. Akafungua kompyuta yangu, akakuta mafaili matatu: "mama mwisho", "mama mwisho kabisa" na "mama mwisho wa kweli". Alicheka mpaka akakaa sakafuni, akaniuliza kama bibi yake alikuwa mgumu kuaga kiasi hicho.

Juzi tulifika kwenye kaseti yenyewe, ile ambayo mama alinitumia mwaka wake wa mwisho. Kaseti ina dakika ishirini na tatu. Nakala yangu kumi na tisa. Binti akauliza nne zimekwenda wapi. Nikamjibu ni kikohozi. Hakubisha, aliandika tu daftarini: "Dakika nne, kikohozi, baba ahakikishe."

Hakikuwa kikohozi, mdogo wangu. Uliolewa na seremala, mama akakufungia mlango, nawe umeishi ukiamini alikufa na kinyongo. Katika dakika hizo anasema alikosea. Anasema mumeo ni mtu wa maana, na kwamba anakungoja, uje hata bila taarifa. Kisha anasema aliyemjaza maneno ni mimi, kwa barua zangu za kutoka huku, na ananiagiza nikufikishie ujumbe wake.

Aliyasema hayo miezi mitano kabla ya kufa. Ungewahi. Nilinyamaza kwa aibu, na baada ya mazishi nikakutumia nakala niliyoikata. Yale majina matatu ni majaribio yangu ya kuficha mshono. Niliuficha vizuri, hata pumzi zake zinaungana.

Mzigo uliobeba barua hii una rekodi nzima, na faili lake limeandikwa tarehe, "Mama", mara ya kwanza. Anaanza kukutaja dakika ya kumi na moja. Usiponijibu, sitauliza kwa nini.

Wasalimie wanao na wajukuu. Shemeji naye umkalishe karibu asikilize, maana mama anamwita mwanangu.

Ni mimi,
Kaka yako