Mstari wa Kijani

Jumatatu, 4 Machi
Ramani inafanya kazi! Unagusa simu, unaongeza mvua kwa kidole, na nyumba za mlimani zinageuka nyekundu moja moja — pale udongo unapoweza kuporomoka. Utafiti wa profesa wangu uliolala kabatini miaka yote, sasa hata mtoto anauelewa.

Profesa mwenyewe kakuna kidevu. Anasema uhakika wa nyumba kwa nyumba hatuna, nififishe mpaka wa rangi. Nikabisha: ukififia, kila mtu atajiona yuko upande salama, nani atahama? Kakubali shingo upande.

Alhamisi, 7 Machi
Ramani iko hewani. Watu wanaichezea kama gemu!

Dada kapiga simu, furaha tele. Nyumba yake kijani. Ya jirani yake fundi cherehani, ukuta kwa ukuta, nyekundu. "Mdogo wangu, umenitua mzigo!" Nikamwambia ule mstari kati ya rangi ni makadirio. Akasema nisimletee usomi wangu.

Jumanne, 12 Machi
Mvua tangu alfajiri. Profesa kaja mezani kwangu na vipimo vipya vya udongo. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Mstari unasogea — upande wa dada.

Nimebadilisha rangi palepale, nyumba yake sasa nyekundu. Nikampigia, hapokei. Nikamwandikia ujumbe mtandaoni. Lakini aliyekwisha kuona kijani atafungua tena ramani kutafuta nini?

Ijumaa, 15 Machi
Dada kapokea! Nyuma yake watoto wanalia, vyombo vinagongana.

Niliuliza yuko wapi.

"Nyumbani. Tena tumejaa! Fundi na wanawe, bibi wa kona, wote wa nyekundu. Nimewafungulia — si kwangu kijani?"

Nikapiga kelele. Tokeni! Nendeni shuleni, ng'ambo ya barabara! Rangi imebadilika, nilikuandikia!

Dada akapunguza sauti. Intaneti hakuna tangu Jumanne, ujumbe hakuuona. "Sasa niwaambie nini? Wamekuja kwa ramani yako. Waambie mwenyewe." Akaweka spika.

Nikawaambia. Vipimo, mstari, kila kitu. Mvua nikaisikia hadi huku, inapiga bati lao. Fundi akakohoa.

"Mdogo wetu, na safari hii una uhakika?"

Nikasema sina. Nikasema tokeni hivyo hivyo.

Simu ikakatika. Sasa haipatikani kabisa. Naandika garini mwa profesa, tunaelekea kwa dada. Matope yamefunga barabara, foleni haisogei. Profesa kazima injini. Anavua viatu, anakunja suruali. Ananiambia nivue vyangu —