Ndoo Yangu ya Kwanza ya Skonzi

Jumamosi, 17 Desemba 2005

Siku ya kumi na nne ya ndoa! Bado nikiandika "mume wangu" najichekea peke yangu. Mume wangu. Mume wangu Thatayaone. Tumefika kwao Moshupa saa nne asubuhi, yeye kabeba masanduku yote mawili, mimi nimebeba shali tu mabegani na kitambaa kichwani, kama inavyompasa mke mpya. Joto! Lakini kila nikimtazama Thata nasahau. Ana kishimo cha shavu upande wa kushoto peke yake. Nadhani Mungu alikuwa na haraka siku hiyo, akaona kimoja kinatosha.

Mama mkwe ni mpole, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Wanamwita MmaOteng kwa jina la mwanawe wa kwanza, Oteng, aliyefariki miaka miwili iliyopita. Kifua, Thata aliniambia. Hapendi kulizungumza, nami simchokozi. Wifi yangu Gofaone ana miaka kumi na tisa na mdomo wa watu kumi.

Halafu — Shangazi Kelapile. Dada mkubwa wa marehemu baba mkwe. Lo!

Alikuja kutupokea na beseni la skonzi, bado za moto, zimefunikwa kitambaa. Nilikuwa na njaa. Nikanyoosha mkono. Ndipo akatoa kopo la ugoro kifuani, akabana ugoro kwa vidole viwili, pua ya kulia, pua ya kushoto, akavuta, akapiga chafya — kwenye kiganja! Akakifuta kwenye aproni. Kwa kiganja kilekile akanichagulia skonzi. Na puani kulikuwa na tone. La kahawia. Linaning'inia. Nililitazama kama mtu anavyomtazama nyoka darini.

"Kula, bibi harusi. Umekonda kama ufagio. Huko Gaborone mnakula nini, magazeti?"

Skonzi ilikuwa na madoa meusi meusi. Nikauliza, kwa adabu, kama ametia zabibu kavu.

"Zabibu? Nizitoe wapi mimi?"

Gofaone alicheka mpaka akatoka nje.

Nilijifanya natafuna. Skonzi iliingia kwenye shali, na kutoka kwenye shali ikaenda kwa kuku. Nimenawa mikono mara tatu. Bado naona lile tone.

Jumapili, 18 Desemba

Kanisani pamoja, mume na mke! Aliinama mbele za watu wote akanifunga kamba ya kiatu. Wanawake wakaguna. Mimi niliyeyuka.

Baada ya ibada, chai chini ya turubai. Nimeona jambo. Kabla ya kugusa sahani kila mwanamke ananong'ona: "Za nani hizi?" Zikitajwa ni za mke wa mchungaji, mikono inakwenda. Zikitajwa ni za yule anayelala na mbuzi ndani, mikono inarudi kwenye vikombe, na ghafla kila mtu ameshiba.

Za Shangazi zilikwisha zote. Zote! Hawa watu hawaoni?

Jumanne, 20 Desemba

Siku mbaya. Hapana, siku nzuri, Thata alinichanua nywele — lakini habari mbaya.

Mama mkwe ameniita jikoni. Kumbe Krismasi ya kwanza ngwetsi, yaani mke mpya wa ukoo, anakanda ndoo nzima ya skonzi. Ndoo ya lita ishirini. Kila nyumba ya ukoo inapelekewa sahani, na zinazobaki zinaliwa hapa uani Krismasi yenyewe. "Sahani ikirudi tupu, mwanangu, umeingia nyumbani," akasema. "Ikirudi na vitu…" Hakumaliza.

Gofaone ndiye aliyemaliza, tukiwa tunaosha vyombo. Kuna mke wa binamu yao, ndoo yake iliishia kwa nguruwe. Miaka sita sasa. Mpaka leo kukiwa na harusi au msiba haruhusiwi kugusa unga. Anaosha masufuria tu, na hata mumewe haketi tena karibu naye mbele za watu.

"Lakini wewe usiogope, wifi. Si unauza mikate mjini?"

Siogopi kuoka! Miaka mitatu nimekaa kwenye duka la mikate. Wavu kichwani, glavu mikononi, na bosi anayepiga kelele: unywele mmoja, trei nzima jalalani! Ninachoogopa ni hiki: desturi inasema mkono wa kwanza kwenye unga ni wa shangazi. Shangazi Kelapile na mimi, mikono minne, ndoo moja. Na ile pua juu yake.

Nimemwambia Thata. Alicheka kishimo kikaingia ndani kabisa. "Nimekula skonzi za Shangazi tangu sina meno. Ugoro haujaniua." Nikambusu. Kisha nikakumbuka alichokuwa anakula kwa Shangazi mchana, nikafuta midomo kwa shali.

Ijumaa, 23 Desemba

Nimefaulu!!!

Shangazi aliitwa kwenye msiba, asirudi mpaka mchana. Nikamwambia Mama siagi italainika sana kwa joto hili, heri nianze. Akakubali kwa shingo upande. Nimepanga kila kitu mezani: unga, sukari, siagi, mayai, mtindi. Ndoo nimeisugua kwa maji ya moto. Wavu kichwani. Nikatoa glavu zangu, zile nyeupe nyembamba za mpira — nilibeba boksi zima kutoka kazini — nikavaa, nikaanza. Hakuna kilichogusa unga ule isipokuwa usafi mtupu. Nilikuwa naimba.

Mama akaingia na kuni. Akaiona mikono yangu. Kuni zote zikaanguka.

"Nani anaumwa?"

"Hakuna, Mama! Ni usafi tu."

Akanitazama mikono muda mrefu, mpaka viwiko. Akatoka bila kuokota kuni. Nilidhani amefurahi kupita kiasi, wazee wengine hulia wakifurahi.

Akaja Gofaone. Huyu kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Wifi, vua hizo."

"Kwa nini? Ni mpya kabisa."

"Vua kabla mtu hajapita."

Mtu alikuwa ameshapita. Jirani wa nyuma ya ua alikuja kuazima chekecheo, akasimama mlangoni, akatazama ndani ya ndoo, akasema hataki tena chekecheo. Wivu! Nikamaliza kukanda ndoo nzima na glavu zangu. Kesho naoka.

Shangazi aliporudi na kukuta unga umeshakandwa alisema "Aa," basi. Akavuta ugoro.

Jumamosi, 24 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Zilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kuoka. Juu dhahabu, ubavuni nyeupe, zimepasuka katikati kama inavyotakiwa. Sahani kumi na moja zikaondoka kabla ya saa tano, mimi mwenyewe nimezifunika vitambaa.

Kufikia saa nane sahani kumi na moja zilikuwa zimerudi. Na vitambaa vyake. Na skonzi zake. Nyumba moja walisema asante sana lakini wao wana sukari. Nyumba nzima! Mpaka yule mtoto anayetambaa ana sukari! Nyingine walisema wamefunga. Krismasi kesho, wamefunga! Wa tatu waliishika sahani kwa ncha za vidole, kwa ukingo, kama ina ukoma.

Nikamkamata Gofaone nyuma ya tangi la maji. Akaniambia.

Glavu kama zangu, hapa, zinagawiwa kwa wanaouguza wagonjwa nyumbani. Wagonjwa wa UKIMWI, ugonjwa usiotajwa hapa. Mtu akizivaa ni kwa kuogesha, kubadilisha mashuka, kumwaga ndoo ya haja. Na mwisho kuosha maiti. Hazivaliwi kwa kitu kingine. Oteng hakufa kwa kifua. Aliugua miezi saba humu humu, katika chumba tunacholala mimi na Thata, na Mama alivaa glavu zile kila asubuhi mpaka ile ya mwisho.

"Ukizivaa wewe kwenye unga, wifi, watu hawaoni usafi. Wanaona ndoo ya Oteng."

Nilitazama mikono yangu nikaichukia. Poda nyeupe ya ndani ya glavu ilikuwa bado kwenye kucha. Skonzi zangu nzuri, za dhahabu, na mimi mwenyewe sikuweza kuonja hata moja.

Kisha akasema na hili. Shangazi Kelapile alizikataa glavu. Alimwogesha Oteng mikono mitupu, akamkata kucha, akamlisha. Akasema hawezi kumshika mtoto wa mdogo wake kama mzoga. Mwaka mzima watu hawakula skonzi zake. Hata Mama alikuwa anazipokea na kuzitupa.

Ningependa kuandika kwamba baada ya kusikia hayo ile pua imenitoka akilini. Haijatoka. Najua ninachopaswa kuhisi, na tumbo halitaki kusikia.

Thata nimemwuliza kwa nini alinidanganya. Alikaa kitandani, na kitanda kile sasa sikitazami sawasawa, akasema alidhani sitakubali kuolewa huku. Machozi. Yake, kisha yangu. Nilimchukia kama robo saa hivi. Halafu nikamshika shavu.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi njema kwangu.

Naandika haraka. Saa tisa alasiri, wako nje, wote. Nimesema nimekuja kuchukua leso.

Ndoo yangu iliwekwa katikati ya meza ndefu, maana ndiyo desturi. Imejaa mpaka juu. Skonzi za sahani zilizorudi nazo zimerudishwa humo. Watu kama arobaini wa ukoo, nguo mpya, nyama, kinywaji cha tangawizi, watoto wanapiga mbinja. Na kuizunguka ndoo ile, nafasi tupu. Watu wanapitisha chumvi mbali nayo. Bibi mmoja alimvuta mjukuu wake kwa sikio alipoisogelea.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Sikumwona akila chochote.

Ndipo Thata wangu akasimama! Akachukua skonzi, akaiinua juu, akauma kipande kikubwa. "Tamu, mke wangu!" Kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Nilimpenda kuliko siku ya harusi. Nilitaka kumrukia shingoni mbele ya wajomba zake.

Dakika tano baadaye nilikwenda kuchota maji. Alikuwa nyuma ya tangi, ameinama, anatema. Anajikwangua ulimi kwa kidole.

Akaniona.

"Samahani. Ina ladha ya mpira."

"Haina ladha ya mpira, Thata."

"Najua." Akafuta mdomo. "Nakupenda. Lakini haipiti, mpenzi. Naiona mikono ya Mama."

Nikarudi mezani na jagi tupu. Hakuna aliyeniuliza maji.

Na hapo Shangazi Kelapile akaniita kutoka mwisho wa meza. "Bibi harusi! Nisogezee hiyo ndoo, miguu yangu imestaafu."

Nikaibeba. Hakuchukua ya juu, alitia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa ya chini kabisa. Akaila polepole, yote, huku akiwatazama mmoja mmoja. Akalamba vidole. Akachukua ya pili.

"Chumvi haikutosha," akasema. "Na nyie mnatazama nini? Mmeona mzimu? Oteng angekula tano."

Mama akashika mdomo.

Kisha Shangazi akavuta beseni lake mwenyewe kutoka chini ya kiti, akaondoa kitambaa. "Hizi zangu. Nimezikanda asubuhi, kwa mikono hii. Ile ya siku ulipofika ulimpa jogoo, nilikuona, sina upofu." Watu wakacheka, vicheko vya kuogopa. Akanichagulia moja, akanitia kiganjani, akanifunga vidole juu yake. Mkono wake ulikuwa na unyevu. "Mimi nimekula zako. Kula na wewe, tuendelee na Krismasi."

Watu arobaini. Nikasema leso. Nikakimbia.

Iko hapa, juu ya ukurasa, imeacha duara la mafuta kwenye karatasi. Nimeipasua. Upande mmoja una alama ya ukucha wake, imeumuka nayo. Ndani kuna doa la kahawia. Nimelisugua kwa kidole, likapaka. Mara tatu nimeipeleka mdomoni, mara tatu nimeishusha. Mikono iliyomkata kucha Oteng, najiambia. Mikono iliyofuta pua, tumbo linajibu.

Gofaone amekuja kunong'ona nyuma ya mlango. Shangazi yuko kwenye ya nne. Hakuna mwingine aliyenyoosha mkono. Wanautazama mlango huu.

"Wifi, hawezi kumaliza ndoo peke yake. Ni mzee."

Dirisha liko wazi na linatazama meza. Hakuna pa kutupa. Kitandani? Kwenye kitanda hiki? Siwezi.

Nimefumba macho. Nimeuma.

Iko juu ya ulimi. Siagi, sukari, na kitu kingine, kikali, kinapanda puani. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Macho yananitoka machozi. Thata anagonga. Anauliza kama niko salama, kama aingie.

Siwezi kumjibu, mdomo umejaa.