Damu Niliyoizuia

Kitangari, Newala
Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya lolote nakuuliza hali, hasa lile goti la kushoto, kama dawa ya kuchua imekusaidia. Sisi huku wazima. Mikorosho imeanza kutoa maua na vumbi la salfa wanayoipulizia linaingia mpaka darasani. Wanafunzi wangu wanapiga chafya kipindi kizima.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako, Mama, huwa unaiweka kwenye spika, na shangazi Veridiana hujibu kabla yako. Haya nataka uyasome mwenyewe.

Tuliporudi kutoka hospitali Dar es Salaam nilikueleza kwamba mbegu za Godwin zilisafishwa, zikaingizwa kwenye mji wangu wa mimba kwa mrija mwembamba, nami nikapewa vidonge vya homoni vya kuweka ukeni asubuhi na jioni, ili mji wa mimba uwe tayari kushika. Tangu siku hiyo mume wangu hajaniruhusu kuinua hata sufuria. Maji anachota yeye, madumu manne kwa baiskeli. Jirani yetu Mama Yoeli akamuuliza bombani, mbele ya watu, kama ameoa mke au yai. Godwin akamjibu kwamba ni yai, na yeye ndiye anayeatamia. Foleni nzima ikacheka. Aliponisimulia nami nilicheka, lakini sikuweza kumtazama.

Wewe ulikuja siku ya kumi na mbili baada ya hospitali. Ukanikuta nasinzia juu ya madaftari, ukaona matiti yamejaa, ukasema mtu anayesinzia hivyo saa nne asubuhi hasinzii peke yake. Nikakuomba tungoje kipimo. Ukasema wewe umezaa watano bila kipimo. Sasa shangazi ananiambia akina mama wa kanisa wote wanajua, kwamba umetenga mbuzi wa shukrani, na Jumapili hii mchungaji atakuita mbele utoe ushuhuda.

Mama, usimpeleke yule mbuzi. Hakuna mimba.

Nilipima siku ya kumi na nne, ukatoka mstari mmoja. Keshoye nikapima tena, mstari mmoja. Daktari alikuwa amenieleza wazi kwamba vidonge vile vyenyewe huleta usingizi na kujaza matiti, na huweza kuichelewesha damu hata kama mimba haikushika. Kipimo kikikataa niviache, damu itakuja baada ya siku chache. Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nilielewa kila neno. Lakini asubuhi ya kipimo cha pili ulipiga simu kuuliza, nami nikakujibu kwamba siku zangu zimepita na damu haijaja. Hapo hakuna neno hata moja la uongo, na ndiyo sababu jibu hilo linanichoma. Kisha nikaingia chumbani nikaweka kidonge kingine. Nimefanya hivyo siku kumi na moja. Usidhani nilikuwa bado natumaini. Niliizuia damu ili niendelee kuwa yule mtu mliyekuwa mnamfurahia.

Juzi niliacha. Damu imekuja leo, kabla ya kipindi cha kwanza. Nikaenda kufundisha.

Kosa si la dawa, wala si lako kwa kuwahi kusema. Wakikuuliza kanisani, waambie mwanao ndiye aliyekudanganya.

Anayekuletea barua hii ni Godwin. Hajui kilichomo. Nimemwambia ni mambo ya wanawake na kwamba asiondoke mpaka umalize kusoma. Mara tatu wiki hii nimefungua mdomo nimweleze, nikaishia kumuuliza kama atakula. Ukimaliza, Mama, mpe naye asome. Usimsomee wewe. Mpe kiti kwanza, na umwache peke yake.

Nisalimie shangazi na wote hapo Chiwata wanaoniulizia. Nitawasha simu Jumamosi mchana. Nitampokea yeyote kati yenu atakayetaka kunisemesha.

Ni mimi mwanao,
Winfrida