Ardhi Bado Baridi

Kwako Baba Nasra,

Talaka yako imefika, karatasi moja, mistari minne. Wanaoleta salamu zako wanasema unashangaa kwa nini sitaki hata kuongea nawe. Basi nakujibu hapa, mbele za watu, maana tukiwa wawili una maneno mengi.

Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza huku ughaibuni na kile kipande cha shamba tulichokodi kwa halmashauri, kule Kings Heath? Mwezi wa tatu mvua ikashika wiki nzima. Ukachungulia dirishani hapa Alum Rock, ukasema, "Mama Nasra, masika hayo." Tukapanda mabasi mawili na jembe tumelifunga kwenye mfuko wa taka, abiria wanatutazama. Ukachimba vishimo, mimi nikafuata nyuma, punje tatu tatu za mahindi, nafukia kwa mguu kama kwetu Muheza. Halikuota hata moja. Yule mzee Mjamaika wa shamba la jirani alicheka mpaka akavua kofia. Akasema mahindi matamu hatukuyapanda, tumeyazika, kwani mvua ya huku haina joto. Anzeni ndani ya nyumba mwisho wa mwezi wa nne, akatuambia, miche itoke nje mwezi wa sita, baridi ya usiku ikishakwisha. Ukarudi kwenye basi una matope hadi magotini, unajicheka mwenyewe. Nilikupenda sana siku ile.

Mwaka uliofuata tukajifunza. Tukakusanya vile vibomba vya katikati ya karatasi za chooni, tukavijaza udongo, tukavipanga kwenye sinia la biriani dirishani, juu ya hita. Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba mzizi wa hindi hautaki kusumbuliwa, kwa hiyo mche unaingia ardhini na karatasi yake. Mwezi wa tisa tuliyachoma kwenye jiko la gesi, ndimu na pilipili, king'ora cha moshi kikalia, ukakipepea kwa kanga yangu. "Wewe una mkono wa mmea," ukaniambia. Kumbe unanivika kilemba cha ukoka.

Kisha ukaja mwaka ule mama yako alipougua kule nyumbani. Wiki tatu tu, ulisema, katikati ya mwezi wa nne. Kabla hatujakusindikiza Digbeth kupanda basi la uwanja wa ndege, ulibandika karatasi kwenye friji: loweka mbegu usiku mmoja, zitie kwenye udongo tarehe ishirini na tano, usitoe miche nje kabla sijarudi, na shambani usihangaike kwenda, tutalima pamoja. Nikafuata neno kwa neno. Nasra, ambaye hujibu kila kitu kwa Kiingereza, alikuwa akihesabu majani kwa Kiswahili ili akusomee kwenye simu.

Wiki tatu zikawa saba. Mwezi wa sita ukaingia, miche imeanza umanjano, mizizi inachungulia chini ya karatasi. Nikaona nisikusubiri, nikabeba sinia langu kwa mabasi yale yale mawili. Shambani nikamkuta mama mmoja wa Kizungu anafunga maharage kwenye vijiti. Nikamwambia, "Samahani, umekosea shamba." Akanitazama kwa huruma, akaingia kibandani, akatoka na karatasi. Imeandikwa kwamba mpangaji wa zamani alilirudisha shamba kwa hiari yake mwezi wa pili. Chini yake, saini yako.

Mwezi wa pili, Baba Nasra! Miezi miwili kabla hujanibandikia tarehe kwenye friji.

Kuoa umeoa, nimesikia, na si wewe wa kwanza. Kutorudi, labda siku moja nitakuelewa. Lakini ulijua sina pa kuyapanda mahindi hayo, ukakaa meza moja na mimi ukanifundisha. Ulinipa mbegu kama mtoto anavyopewa sufuria tupu achezee, mtu apate kutoka mlangoni bila kilio. Umenichezea shere mimi, na mtoto wako pia. Hilo linaniuma mpaka leo, na sioni haya kulisema.

Na bado siku ile nilikupa nafasi. Jioni ulipiga simu, laini inakatikakatika. Sikukuambia nilikotoka wala nilichokisoma. Nilitaka utamke mwenyewe, na ungelitamka, wallahi, pengine ningekusamehe. Nikakuuliza taratibu, "Baba Nasra, miche imekuwa mikubwa. Niipeleke shambani sasa?"

Ukasema, kwa ile sauti yako ya upole, "Subiri, mke wangu. Ardhi bado baridi."

Nilikuwa nimesimama uani, miguu pekupeku, jua la kiangazi cha huku bado linachoma hata jioni. Nikakata simu. Hayo mengine uliyoandika kwenye talaka yamekuja kwa kuchelewa tu.

Nakuaga, na jibu usilete.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Nasra