Gari Lako Limeshuka, Anyitike

Ipagala, Dodoma
Jumapili, 16 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Anyitike,

Najua hapo ulipo umeshaniamkia moyoni, basi marahaba. Habari za Doha, za kazi na za hilo joto lenu? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kunidanganya kwamba ni mafua tu? Sisi hatujambo. Mama kule Tukuyu magoti yanamsumbua lakini bado analima, na ukimkataza ananuna siku mbili. Mwanao Yudith ametimiza miaka minne na ana maneno ya mtu wa arobaini. Mvua mwaka huu zimekuja vizuri, mahindi ya nyuma ya nyumba yananifika kifuani.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu zipo. Ni kwa sababu wewe kwenye simu humwachi mtu amalize. Nimempa Mudrick anayerudi huko kazini, nikamwambia akukabidhi ukiwa umeshakula.

Habari yenyewe ni ya gari. Kaa chini kwanza. Ile Land Cruiser yako ya mkonga haiko tena kama ulivyoiacha. Springi ndefu ulizoiinulia zimetoka. Matairi yaliyochomoza nje ya bodi yametoka, na lile bampa kubwa la chuma, na msururu wa taa juu ya keria, na vioo vya giza. Rangi ya kijani imerudi kuwa nyeupe, kama kadi ya gari inavyosema.

Aliyefanya hayo ni mkeo. Nakumbuka siku unaondoka ulivyomwambia Tumsifu mbele yetu sote kwamba atakayegusa bolti moja ya gari lile amekugusa wewe. Yeye anakumbuka kuliko mimi, ndiyo maana ukipiga simu ya video ukataka kuliona gari anakuonyesha mkonga tu, lile bomba la hewa la ubavuni ambalo halikuguswa. Mwezi wa pili huu anakuonyesha mkonga. Mimi nimechoka kumwona akihangaika na simu, na naogopa usije ukalisikia kwa mtu mwingine ukamtamkia maneno yasiyorudi.

Lilianza hivi. Tumsifu alipohamishiwa Mpwapwa kwenye mifugo, kazi yake ikawa kuchanja mbuzi na kuku vijijini, na huko makorongo yakijaa bodaboda haipiti. Akaanza kutumia gari lako. Mwezi wa kumi na moja nilipanda naye, nikifuata karanga. Pale njia panda tukasimamishwa na afande mmoja wa kike, mpole, ana futi mfukoni kama fundi cherehani. Akapima tairi lilivyotoka nje, akapima bampa, akatazama kadi, akatazama rangi. Mimi dada yako nikapandisha sauti: gari la mdogo wangu, liko hivi miaka mitatu, mbona hamkusema. Nilijiaibisha, nakiri.

Wifi akaniwekea mkono gotini, akashuka, akamsalimia afande na kumwomba amwandikie kasoro zote, asimfiche hata moja. Sidhani kama yule mama alishawahi kuombwa hivyo. Akaandika ukurasa mzima na kumfafanulia: gari likibadilishwa rangi au umbo, kadi nayo lazima ijue, kijani kile cha kijeshi si cha raia, taa za juu zinampofusha anayekuja mbele, na ikitokea ajali, watu wa bima watalitazama gari, watatazama kadi, watasema hili silo tulilolikatia bima. Wifi akalipa faini, akashukuru, akaikunja karatasi vizuri.

Kazi ilikuwa kwa fundi Raphael. Wewe na yeye mlilijenga pamoja, kwa hiyo alikataa katakata. "Gari la Anyitike siligusi, shemeji. Akirudi nitamtazama na macho gani?"

Tumsifu hakubishana. Aliomba spana. Akajifunga kanga juu ya suruali, akaingia chini ya gari na kuifungua bolti ya kwanza mwenyewe, vumbi lote la Mpwapwa likimmwagikia usoni. Ilimchukua karibu saa nzima. Alipotoka akamwambia, "Nimeshaligusa mimi. Wewe endelea, ukiulizwa sema ulimsaidia mwanamke." Raphael alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Jumamosi tatu walifanya kazi pamoja, na kila nati iliyotoka wifi aliitia kwenye mfuko na kuandika ni ya wapi. Vitu vyako vyote viko stoo chini ya turubai. Ulipomwoa nilisema msichana huyu ni mpole kupita kiasi. Nafuta kauli.

Mkaguzi wa magari alilala chini, akamulika chesisi, akajaribu breki na kulipitisha. Mkonga umeruhusiwa, usilie. Taa mbili zimebaki, barabarani zinavaa vifuniko na porini zinafunuliwa. Na wewe uliyekuwa ukituambia gari lisiloinuliwa halivuki korongo, mwezi uliopita mkeo amevuka la maji ya kweli, nikiwemo ndani nikisali, na boksi la chanjo halikupata hata tone. Wafugaji ng'ambo walikuwa wamekusanya mbuzi tangu asubuhi, wakiwa hawaamini kwamba atafika. Nilijivuna, nikawa nawaambia watu kwamba huyo ni wifi yangu, hata ambao hawakuuliza.

Sasa nakueleza alichonikataza. Siku nne kabla ya yule afande kutusimamisha, Tumsifu alikuwa anatoka na gari getini hapa kwetu asubuhi. Yudith alikuwa amekimbilia mbele ya gari kuokota kiatu, na bampa lile lilikuwa juu kuliko kichwa chake. Mama yake hakumwona, akaondoa gari. Jirani yetu Mama Hashimu ndiye aliyepiga kelele na kuligonga gari kwa ufagio. Lilisimama bampa likiwa limeshamgusa nywele. Hakuumia. Jioni Tumsifu alimsimamisha mtoto palepale, akapanda kwenye kiti cha dereva, akamwambia arudi nyuma pole pole mpaka amwone. Hatua saba. Siku hizi ni mbili, na gari haliwashwi mpaka mtoto ashikwe mkono.

Nilimsihi akueleze, maana ukilisikia hilo hutakuwa na neno. Akakataa. Alisema, "Dada, Anyitike ndiye aliyeliinua. Akijua hili hatalala, na huko aliko yuko peke yake. Bora adhani nimemharibia gari." Mdogo wangu, mkeo ameona heri umkasirikie yeye maisha yote kuliko wewe ujilaumu usiku mmoja. Nimeivunja ahadi niliyompa kwa kukuandikia, na sijutii.

Shemeji yako Geofrey anakusalimu sana. Mama anasema umpigie Jumapili baada ya ibada, siyo kabla. Raphael naye anakusalimu, kwa mbali kidogo. Mungu aendelee kukutunza huko na akurudishe kwetu ukiwa mzima. Na ukimpigia Tumsifu leo, usiulize gari.

Akupendaye siku zote, hata akikugombeza,
dada yako,
Anjelina