Kitenge Nyuma ya Moteri

Zaina mudogo wangu, amahoro huko Buyenzi?

Mvua ya Rumonge ilinipokea barabarani. Nilifika kwenye ateliye, karakana ya shule, nimelowa, siku ile Aisha wangu anafanya mutihani wa ufundi wa mashine, na wazazi tumealikwa kutazama. Kitenge changu nikakitundika nyuma ya moteri ya mashine ya kukamua mawese, kikauke. Nikakaa, nikaanza kujisifu kwa kila jirani: "Yule mwenye ovaroli ni wangu." Wote walivaa ovaroli.

Mwalimu alikuwa ameharibu kitu kimoja kwenye mashine hiyo kwa makusudi. Asiyekipata anarudia mwaka. Aisha akasikiliza mashine, akaizima, akakuta mukanda umelegea, akaukaza. Tukapiga makofi. Akaiwasha tena, ikazunguka, akaweka mukono juu ya moteri.

"Mwalimu, bado. Iko na joto sana."

"Mimi nililegeza mukanda tu."

 Nikamkonyeza mutoto aache ubishi asije akajiharibia. Hakuniangalia. Alizima, akazunguka nyuma, akarudi na kitenge changu. Kilikuwa kimeziba feni, moteri inakosa hewa.

"Hiki cha nani?" mwalimu akauliza.

Nikatazama mabati ya paa.

"Cha mama," Aisha akasema. "Yule anayehesabu mabati."

Nakuletea ndagala, vile visamaki vya Magara, mudogo wangu. Mungu akutunzie hao watoto. Na ukikutana na majirani, waambie Aisha amefaulu: mwalimu alitega kosa moja, yeye akapata mawili. Wenzake hawakuwa na mama wa kuwasaidia.

Dada yako, Mama Fundi