Koti la Ndani

Kahama, 9 Februari 2025

Mwanangu Juliana,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kifua cha Januari kimekuacha. Mimi nipo. Magoti yanalalamika, na masikio yamezidi kuziba. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu nasikia mvumo tu, kama mtu anayesemea ndani ya pipa.

Kondakta wa basi la Geita atakupa mfuko wa kaki. Ndani kuna majani ya kivumbasi niliyoyakausha kivulini. Ni kile kile cha marehemu mama yako. Siku tuliyohama Rwamgasa, mashimo ya dhahabu yalipofika uani kwetu, aling'oa shina moja akalipakata kwenye lori, sufuria akaniachia mimi. Hapa Kahama bado naitwa mgeni. Kivumbasi hakiitwi mgeni tena.

Tangu uliponiambia kwamba kazi yako ni kupiga mabomba ya mgodi picha za mionzi, silali vizuri. Nimekwenda steshenari, wakanichapishia kurasa kadhaa. Nimesoma kwamba ndani ya mimea fulani, kama tangawizi, mlonge na jamii ya kivumbasi, mna viini ambavyo huenda vinaukinga mwili. Mionzi ikipita mwilini huzalisha chembe kali zinazounguza seli, na viini hivyo huzizima kabla hazijafika mbali. Panya waliopewa kabla ya kupigwa mionzi walipona wengi kuliko wasiopewa.

Chemsha, unywe kabla ya zamu.

Baba yako


Geita, Kalangalala, 2 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, isipokuwa uchovu. Edward wangu ameondoka kwenda kuchimba dhahabu Chunya, kwa hiyo nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Majani nimeyapata, nayachemsha alfajiri na kuyabeba kwenye chupa ya chai. Usiogope sana. Kile kitu chenye mionzi kinakaa ndani ya kasha zito la madini ya risasi. Tunazungusha kamba ya kuzuia watu, tunarudi nyuma mbali, ndipo tunapokitoa kwa waya mrefu ili kipige picha pale bomba lilipounganishwa. Kifuani navaa beji inayopima mionzi niliyopata.

Mwenzangu Chacha, yule wa Tarime, alinikuta nakunywa. "Dada, unakunywa mboga?" Nikamweleza ulichosoma. Kesho yake akaja na kikombe chake. Sasa anawatangazia wote: "Hili ni koti la ndani! Koti la risasi linaumiza mabega, hili linakaa tumboni." Timu nzima inakunywa, na fundi mkuu anatuita wana maombi wa mboga.

Tuma mengine, Baba. Yamekwisha.

Binti yako


Kahama, 10 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia u mzima, na pole kwa upweke. Hapa mvua ni ya kubahatisha. Mpunga wa majirani umesimama njano.

Nilicheka kwa sababu ya Chacha, halafu nikaacha kucheka. Nimezirudia zile kurasa polepole, kalamu mkononi. Mmea uliojaribiwa ni mrehani wa Kihindi. Ni ndugu wa kivumbasi chetu, lakini si chetu chenyewe. Wale panya wengi walidungwa sindano ya viini vilivyokamuliwa maabara, hawakunywa chai. Na sijaona ukurasa unaosema kwamba mtu wa kazi kama yako amepewa akapimwa. Walioandika wamejihadhari kila mstari. Mimi nilisoma kama mzazi.

Naomba unijibu hili tu: bado mnarudi nyuma mbali kama zamani? Chacha anasimama wapi?

Nimekuwekea majani kidogo, kwa ladha ya chai.

Baba yako


Geita, 20 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Nisamehe kwa ukimya. Niliiandika barua hii nikaichana, nikaiandika tena.

Uliuliza Chacha anasimama wapi. Anasimama kwenye kamba, na siku nyingine ndani ya kamba. Anasema kurudi mpaka kule mwisho ni kupoteza muda, na fundi mkuu anataka kazi iishe. Juzi aliniita, "Sogea Dada, si umeshakunywa?" Nikasogea.

Kuna jingine. Nina mimba, Baba. Mwezi wa tatu unaanza. Edward simu yake haipatikani.

Nikisema ofisini, siku hiyo hiyo nitatolewa kwenye mionzi, na mkataba wangu unaisha Juni. Nani atamwongezea mkataba mwanamke wa kukaa stoo? Nimeitafuta kazi hii miaka, unajua.

Kwa hiyo nitumie mengi safari hii. Nitakunywa mara mbili, koti langu na la mtoto.

Binti yako


Kahama, 24 Aprili 2025

Mayu Juliana,

Marahaba. Nakuita mayu, kama nilivyokuita ulipokuwa mdogo, maana sasa utakuwa mama kweli. Nimefurahi. Nimelia pia, lakini hilo ni la wazee.

Mfuko uliopewa na kondakta ni mtupu. Haukupasuka njiani. Nimeufunga hivyo mwenyewe.

Nilikutumia majani ili mimi nipate kulala. Yalinipa usingizi, na wewe yakakupa ujasiri wa kusogea. Huenda siku moja watu wa maabara watapata kidonge cha kweli kutoka kwenye mmea kama huu, natamani nikisome. Leo, kinga ninayoweza kukuhakikishia ni ile mliyofundishwa: kaa mbali, kaa muda mfupi, weka kitu kizito katikati. Na kwa mwenye mimba, toka.

Nilipoteza Rwamgasa nikaendelea kuishi, vibaya, lakini nikaishi. Kazi ikipotea tutajua la kufanya. Mtoto akidhurika, mimi sitajua.

Kasirika ukitaka. Ila mwambie afisa usalama kabla hujavaa buti.

Baba yako


Geita, 18 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Hujambo magoti?

Nilikasirika. Niliukung'uta ule mfuko juu ya sufuria, maji yakichemka, hata vumbi halikutoka. Ndiyo maana sikukujibu.

Asubuhi ile nilikwenda kazini bila chupa. Chacha akaleta kikombe. "Leo hakuna koti?" Nikamwambia hakuna. Akaitazama kamba, akanitazama, kisha akaanza kurudi nyuma mwenyewe, mpaka kule mwisho tulikokuwa tunasimama zamani, akachuchumaa. Hakutania. Hakuna aliyemwamrisha.

Nilisimama pale na mkono tumboni. Kisha nikaenda kwa Hosiana, afisa usalama, nikamwambia yote, pamoja na habari za kamba.

Beji imepelekwa kusomwa. Jibu limerudi: nimepata mionzi mingi kuliko kawaida yangu, ila chini ya kiwango cha hatari. Daktari anasema mtoto anakua, tuendelee kuhudhuria kliniki. Zaidi ya hapo hakuniahidi kitu, nami sikumwomba.

Nimewekwa stoo mpaka mkataba uishe. Hawataongeza. Chacha ameninunulia khanga. Anasema hilo ni koti la nje.

Nitakuja mwisho wa Juni na mizigo yangu yote. Nimechoka, Baba. Usinichemshie kitu. Nichomee tu kivumbasi chumbani jioni, maana mbu wa Kahama siwawezi. Hilo najua kinaliweza.

Binti yako